Mkono Ndani ya Zulia

Huku laini kuna watu hawana kazi. Wanasema Nabwile ana kiburi siku hizi, eti tangu binti yake aolewe Bura anatembea mikono wazi, blauzi fupi kama msichana, kwani anamwonyesha nani? Ai, watu! Mimi Kavinya nimekaa naye ukuta kwa ukuta tangu tukiwa wasichana wa kazi, na katika Voi yote hii sijaona mwanamke aliyeonewa na aibu kama yeye. Aibu ilimvalisha sweta kwenye joto la Januari. Wewe ulishaona wapi mtu na akili zake anavaa sweta Voi mchana? Basi kabla hujamsema, sikiliza kwanza.

Baba yake, Nicodemus, alitoka Busia kuja kukata mkonge, na Busia hakurudi tena ila ndani ya jeneza. Nabwile alizaliwa hapa hapa laini, kwenye hizi nyumba za safu za wafanyakazi. Alipokomaa akaingia kibanda cha magunia, kule nyuma ya kiwanda, ambako mimi nilikuwa nimemtangulia kidogo. Mimi nilikuwa mvivu, nasema ukweli. Yeye alikuwa na miguu. Nikisema miguu namaanisha ile ya kukanyaga mtambo, maana kwenye kufuma mikono inasifiwa bure, kazi inafanywa na miguu.

Gunia letu halikuwa na mshono ubavuni, na hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake. Unatanda nyuzi za urefu safu mbili, moja juu ya nyingine, kwenye mtambo huo huo. Unakanyaga, safu ya juu inafunguka, unapitisha uzi kwenda. Unakanyaga tena, safu ya chini inafunguka, uzi unarudia huko chini. Juu, chini, juu, chini. Uzi unazunguka tu, kitambaa kinatoka matabaka mawili yaliyoshikana pande zote, ukiziba na mwanzo wake basi una gunia. Siku nzima ni hivyo. Ukilala usiku miguu inaendelea yenyewe chini ya shuka, muulize marehemu Odera, mume wa Nabwile, alivyokuwa akipigwa mateke.

Sasa ubaya wa kufuma matabaka mawili ni kwamba jicho linaona la juu peke yake. La chini limejificha. Uzi wa chini ukikamatana na wa juu, huwezi kujua mpaka siku ya kufungua. Kwa hiyo ukishafuma kipande unasimama, unatia mkono katikati ya yale matabaka, mpaka kwapani, unapapasa. Kukiwa laini, unaendelea. Kukishika, unafumua. Na mkonge si pamba, jamani. Unakuchubua, unapona, unakuchubua tena juu ya kidonda, mwisho mkono wa kulia unafanya mabaka meupe na ngozi inakuwa ngumu kama kisigino. Sisi wa kibandani tulitambuana sokoni kwa mkono. Wengine nao walitutambua, na hawakututambua kwa heshima.

Mimi mkono wangu haukuwahi kunisumbua. Mtu akinitazama sana namuuliza kama anataka kuununua. Lakini Nabwile alikuwa na Branice.

Branice ni mtoto wao wa pekee, na alikuwa na kichwa chepesi, akapata nafasi shule moja ya mjini ya watoto wa wenye mishahara. Nabwile kwa furaha yake akamshonea begi la vitabu. Kwa kitambaa gani? Kitambaa cha gunia, alichokifuma mwenyewe, akatia na maua mekundu. Mzuri ule mfuko, mpaka leo nasema. Mtoto akaenda nao asubuhi, jioni akarudi ameubeba chini ya gauni. Walikuwa wamemwita Gunia. Na wakamwita Gunia mpaka alipomaliza. Siku ya wazazi Nabwile alienda shuleni, mtoto akamwona kwa mbali, akamkimbilia. Yule mama akadhani anakuja kukumbatiwa. Branice alikuwa amevua sweta lake la shule. Akasema, "Mama, vaa hili, mkono wako."

Sweta la mtoto halikumwingia, bila shaka. Kesho yake Nabwile akaenda mitumbani akachagua la kwake, la rangi ya udongo, mikono mirefu mpaka vidoleni. Hilo ndilo amelivaa miaka yote. Likichakaa anatafuta lingine kama hilo. Nilimwambia, "Wewe mama, utaiva humo ndani." Akasema amezoea. Nilikasirika siku nyingi kwa ajili ya lile sweta, na mwenye kukasirikiwa sikumjua ni nani, maana mtoto ni mtoto.

Kibanda kikafungwa mifuko ya plastiki ilipotawala. Ile mitambo ikatupwa nje. Odera, ambaye alikuwa fundi wa reli na hakupenda kuona kitu cha mbao kikioza, akaomba mmoja, akautengeneza, akausimamisha nyuma ya nyumba chini ya mabati. Nabwile akajifunza mazulia. Hakufundishwa na mtu. Alianza na madogo ya mlangoni, ya mkonge uliochemshwa rangi kwenye sufuria, watu wa hoteli za barabarani wakayapenda. Odera alipofariki, ni mtambo ule uliomsomesha Branice chuo.

Na huko chuo Branice akampata Ronald, kijana wa Bura, mtaratibu, anayefanya kazi ofisi za Mwatate. Wakaoana kanisani. Harusi ilipita vizuri, sweta lilikuwepo, nisiongeze. Lakini nikaja kusikia kwamba kwa kina Ronald, Branice alikuwa amesema mama yake ni mwalimu wa ufumaji katika mradi wa akina mama. Mwalimu! Mradi upi? Huo mradi ni mimi na Nabwile na kuku wangu. Nabwile aliponieleza alicheka, akasema, "Mwache. Si kibaya sana alichosema." Alikuwa anatazama kando.

Sasa baada ya harusi kuna siku ya kumpelekea binti vyombo. Mama na wanawake wenzake wanakwenda, wanamwekea mtoto wao nyumba, na huko nyuma wakwe wanatazama kimeletwa nini. Branice akaomba zulia la sebuleni. Au kapeti, kama wanavyosema vijana. Lakini sebule ile ni pana, na mtambo wetu ni wa upana wa gunia. Mtu mwingine angefuma vipande viwili akaviunga kwa mshono katikati. Branice akasema mshono hautaki, maana ameshamwambia mama mkwe wake kwamba mama yake hufuma zulia pana bila mshono.

Hilo linawezekana, ila lina masharti yake. Unafuma matabaka mawili vile vile kama gunia, lakini unauacha ubavu mmoja wazi. Uzi ukishakwenda juu na kurudi chini, ukifika upande wa kulia haupandi. Unageuka huko huko chini, unakwenda tena, unapanda kwa kushoto, unafika kulia, unageuka huko huko juu. Juu, chini chini, juu juu, chini chini. Hivyo kushoto panakuwa na mkunjo na kulia panakuwa na mlango. Ukilitoa kwenye mtambo unalifungua kama kitabu na una zulia la upana mara mbili. Ukisahau ukaenda juu chini, juu chini, mlango unajifunga, na ulichofuma ni gunia.

Nabwile alijua hivyo kuliko mtu yeyote. Alipokuwa akifuma alikuwa akisema kwa mdomo, taratibu, chini chini, juu juu, kama mtu anayebembeleza mtoto. Miguu yake ilitaka njia ya zamani na yeye aliikatalia. Na kila kipande alitia mkono kulia kuhakikisha mlango uko wazi. Lilikuwa linatoka zuri ajabu, rangi ya mkonge wenyewe, na mistari myekundu inayokutana juu na chini bila kupishana.

Halafu Branice akaja na chupa ya mafuta. Mafuta ya kulainisha ngozi, ya bei, yananukia. Akamwambia mama yake, "Jipake asubuhi na jioni. Na aki mama, usitie tena huo mkono humo ndani mpaka siku ya vyombo. Upone kidogo. Huko Bura watakutaka uvue sweta, kuna watu wa picha." Nabwile akakubali. Alikuwa hajawahi kumkatalia mtoto yule kitu, na mimi nikasimama pale na ulimi wangu wote nikajiambia, Kavinya, si mwanao.

Basi zulia likaendelea bila mkono.

Ikatokea siku nimekwenda Mata kwa shemeji yangu kufuata ndizi. Siku hiyo hiyo Branice akamleta mama mkwe wake, Mable, aone mtambo. Mable ni mama mpole, mkulima wa karoti na kabichi, anavaa miwani ya kamba. Wakawekewa viti, wakapewa soda. Mable akaomba Nabwile afume kidogo wamwone. Nabwile alinieleza baadaye vile ilivyokuwa. Alikaa pale na sweta, na Mable amekaa kulia kwake pale pale penye mlango wa zulia, na mtoto anamtolea macho asije akasema neno la kibandani. Kuhesabu kwa mdomo akaona haya, mwalimu gani anajihesabia kama mtoto wa nasari? Akafunga mdomo, akaongea habari za mvua na tembo waliobomoa tangi la jirani. Miguu ikabaki peke yake. Akafuma hivyo mpaka soda zikaisha, akalizungusha lile gogo la mbele, kazi ikakunjwa humo, wageni wakapiga makofi.

Niliporudi na ndizi zangu nilimuuliza, "Umetia mkono?"

Akasema, "Nimetia."

Alinidanganya, na hakuwa na desturi hiyo. Alikuwa na furaha sana siku ile. Mable alikuwa amemwita fundi, na Branice alipoondoka alimbusu shavuni mbele ya watu. Nani angetaka kufukunyua furaha kama hiyo?

Mtu ataniuliza, mbona hamkulifungua nyumbani mlione? Tulifungue wapi? Chumba cha laini hakilitoshi, na nje ni vumbi jekundu. Tulichungulia mwanzo wake, tukachungulia mwisho wake, kote pako wazi, tukalikunja, tukalifunga kwa leso. Zaidi ya hayo Branice alitaka lifunguliwe kwa mara ya kwanza kwake, watu wakiona.

Tukapanda Bura, huko milimani, kwa pikapu ya kukodi, sisi wanawake na masufuria na zulia letu. Kule ni ukungu na baridi, kwa mara ya kwanza sweta la Nabwile likawa na maana. Tukapokelewa kwa nyimbo. Ronald mwenyewe alitusalimia kwa mbali akaondoka, kwa sababu mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja hivi hivi; sisi Wakamba tunaiita nthoni, na Waluhya wanayo vile vile, pengine kutuzidi. Mama mkwe anajifunika, anaongea chini, haonyeshi hata kisigino ndani ya nyumba ya mkwewe. Nabwile aliingia kwenye ile sebule ameinama kama anaingia kanisani.

Viti vikaondolewa. Tukaombewa. Tukalilaza zulia, tukalikunjua kwa urefu, na wanawake wa Bura wakapiga vigelegele, kwa sababu hata likiwa bado limejikunja mara mbili lilikuwa zuri. Mable akasema, "Sasa tulifungue." Akashika pembe moja ya juu, dada yake, Elsie, akashika pembe ya pili, wakavuta kama wanaofunua kitabu. Upande wa Mable ukafunguka. Upande wa Elsie ukafunguka. Katikati pakakataa.

Wakavuta tena. Zulia likainuka katikati, likatuna.

"Limeshika," Mable akasema. "Ngojeni, msilirarue." Akapiga magoti akapapasa ule ukingo. Ubavu uliotakiwa kuwa wazi ulikuwa umefungwa, umefungwa vizuri kabisa, kazi ya mtu anayejua kufunga. Mwanzo zulia, mwisho zulia, katikati gunia.

Elsie ni mtu wa mzaha, na simu yake ilikuwa imeshaanza kuchukua picha. Akasema, "Kumbe mmetuletea godoro! Tutie pamba?" Wakacheka. Si kicheko kibaya, wageni wakicheka na wewe unacheka. Lakini mimi sikumtazama Elsie, nilimtazama Nabwile. Rangi ilikuwa imemtoka. Alikuwa amejua kabla hata Mable hajapiga magoti. Aliijua siku yenyewe, na soda zenyewe.

Hapo ndipo Branice akasema. Alikuwa amesimama mlangoni na trei ya vikombe, na gauni lake jipya, na uso wake unawaka. Akasema kwa haraka, huku anatabasamu, "Hilo si kosa la mama. Sehemu hiyo alifuma huyu Mama Kavinya, ni msaidizi wake. Alikuwa kwenye magunia zamani, hajazoea mazulia."

Wote wakanitazama. Macho yakashuka mpaka kwenye mkono wangu, maana mimi sikuvaa sweta la mtu.

Nitakwambia ukweli, neno lile lilinichoma. Mtoto niliyembeba mgongoni! Niliyempikia uji mama yake akiwa zamu! Maneno yalinijaa mdomoni na yote yalikuwa mabaya, na ningeyatoa, wallahi mimi si mtu wa kumeza. Nilichofanya ni kumtazama Nabwile. Nikangoja.

Na Nabwile akanyamaza.

Alitazama sakafu. Kama angenyamaza hivyo mpaka mwisho, mambo yangepita. Mable angesema si kitu, tungekunywa chai, Branice angebaki na mama mwalimu, na mimi ningeshuka Voi na makosa yasiyo yangu. Nililiona hilo na yeye aliliona. Nilihisi aibu yake ikinipanda mimi, mwilini, kama homa. Nikajiambia, akinyamaza nitamsamehe, lakini ukuta kwa ukuta hatutakaa tena.

"Si Kavinya," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. Elsie akauliza, "Mmesemaje?" Akalazimika kurudia, na kurudia ndiko kulikomvua, nadhani. "Nasema si Kavinya. Yeye alikuwa Mata. Ni mimi."

"Mama," Branice akasema.

Nabwile akavua sweta. Akalivua pale pale, ndani ya nyumba ya mkwewe, ambako hakupaswa kuonyesha hata kisigino, akalitupa juu ya kiti, akabaki na blauzi. Wote wakauona ule mkono, na mabaka yake, na mafuta ya chupa yanang'aa juu ya mabaka. Akapiga magoti karibu na Mable, akautia mkono ndani ya zulia, mpaka kwapani, shavu likagusa sakafu, akapapasa. Ulisikika ule mkwaruzo wa ngozi na mkonge tu. Nilikuwa sijausikia tangu kibanda kifungwe.

"Limefungwa kuanzia hapa," akasema, "mpaka hapa. Ndani halikushika, ni mlango tu ulijifunga. Ni siku ile mlipokuja, Mama Ronald. Mimi si mwalimu. Nimefuma magunia tangu usichana, miguu yangu inajua gunia. Niliona haya kuhesabu mbele yenu, nikaona haya kutia mkono, ndiyo haya haya mnayoyaona sasa. Mnisamehe. Naomba kisu."

Machozi yalikuwa yanamtoka lakini hakuyafuta, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa ndani na mwingine umeshikilia.

Hakuna aliyekwenda kuleta kisu. Kila mtu alikuwa anaona haya kwa ajili ya mwenzake, na Branice alikuwa amesimama na trei vile vile. Mwisho Mable mwenyewe akainuka akakileta, kile cha kukatia kabichi. Alipokiweka chini akaushika mkono wa Nabwile pale juu ya kiwiko, si kwa kuupapasa, alikuwa anajishikiza apige magoti tena. Akasema, "Magunia yale yasiyo na mshono? Ya Voi?"

"Hayo."

"Mama yangu alikuwa akiyagombania. Karoti zetu zote zilishuka Mombasa ndani ya hayo. Yakichanika alikuwa anayalilia." Akamgeukia Branice, akauliza kama anavyouliza mtu anayetaka kujua tu, "Kwa nini hukusema?"

Branice akaweka trei chini, akaingia chumbani, tukasikia kitasa.

Nabwile akakata. Alikata polepole kwenye ule ukingo, uzi mmoja mmoja, na kila uzi uliokatika nilijua una kazi yake. Zulia likafunguka lote, likalala, likaijaza sebule kutoka ukuta huu hadi ule. Pale lilipokatwa pakabaki nyuzi zimening'inia pembeni. Mimi nikaketi chini mwanzo wa mkato, yeye akaketi mwisho wake, tukaanza kuzisuka zile nyuzi zisifumuke, tukielekeana. Tulipokaribiana sana, magoti yakagusana, akaninong'oneza, "Nilinyamaza."

"Nilisikia," nikasema.

"Kavinya, nilinyamaza."

"Suka," nikamwambia. "Chai inapoa."

Tukanywa ile chai. Elsie alikuwa ameacha mizaha, akawa anatupa mandazi kama tunataka kufa. Ukafika wakati wa picha, watu wa nyumbani wote juu ya zulia, na Ronald akaitwa akasimama ukingoni kabisa, mbali na mama mkwe wake kadiri zulia lilivyoruhusu. Ndipo mlango wa chumbani ukafunguka. Branice alikuwa ameosha uso. Akapita katikati ya watu moja kwa moja mpaka kwenye kiti, akalichukua lile sweta, akamletea mama yake, akamnyoshea kwa mikono miwili.

"Mama, vaa," akasema taratibu. "Kuna baridi."

Kulikuwa na baridi kweli. Bura si mahali pa kusema uongo kuhusu baridi. Lakini sote tuliomsikia tulijua, na yeye alijua kwamba tumejua, na neno lile hakuweza kulirudisha.

Nabwile akalitazama lile sweta. Nilidhani atalivaa. Miaka yote alikuwa akilivaa. Akalipokea, akalikunjua, akalishika shingo kwa mikono miwili kama unavyomvalisha mtoto anayekwenda shule, akaliinua juu ya kichwa cha binti yake.

"Vaa wewe, mwanangu," akasema. "Aibu ni yako, mimi nilikuwa nakuvalia tu."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa mimi ningesema kwa hasira. Branice akainamisha kichwa akavalishwa, mkono mmoja, mkono wa pili, mbele ya mumewe na wakwe zake wote, na hakuna aliyecheka. Halafu Elsie akapiga picha.

Picha hiyo Mable ameitundika kwenye sebule ile ile ya Branice, ukutani, juu ya zulia lenyewe. Mimi niko pembeni nimekunja uso. Nabwile yuko katikati na blauzi yake, mkono umelala juu ya paja. Na bibi harusi yuko karibu naye ndani ya sweta la udongo lililomzidi, mikono mirefu imemfunika mpaka vidole havionekani.